Wasomaji Wanauliza: Halmashauri Zikiunganishwa, Nani Anabeba Nini?

Tangu tulipogusia mpango wa serikali ya Uingereza wa kuziunganisha halmashauri zake, tumepokea barua nyingi kutoka Kilimanjaro na Arusha, na nyingi kati ya hizo zinaanza na Uingereza kisha zinaishia nyumbani. Tumechagua chache zinazowakilisha nyingine. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa maombi yao wenyewe.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Mwanangu wa pili ni muuguzi katika mji wa Woking, Uingereza, na amenieleza kwamba halmashauri ya mji wao itafutwa pamoja na ile ya kaunti, na kwamba wananchi hawatapiga kura ya maoni. Hapa kwetu tumezoea kusikia wilaya imegawanywa. Kusikia zimeunganishwa ni jambo geni. Naomba kuelezwa kinachofanyika huko, na kama mwanangu, ambaye bado ni raia wa Tanzania, ana sauti yoyote katika jambo hilo. — Mama Mwalimu, Machame*

Shikamoo Mama. Ni vema tuanze na namna kazi zilivyogawanywa huko, kwa sababu ugomvi wote unatoka hapo. Katika sehemu kubwa ya England, hasa nje ya majiji makubwa, mwananchi mmoja anahudumiwa na halmashauri mbili kwa wakati mmoja. Halmashauri ya kaunti inashughulikia elimu, barabara, maktaba, na matunzo ya wazee, watu wenye ulemavu na watoto wasio na uangalizi. Halmashauri ya wilaya, ambayo ni ndogo kwa eneo lakini haipokei amri kutoka kwa kaunti, inazoa taka, inatoa vibali vya ujenzi, inasimamia makazi, na inakusanya kodi ya nyumba kwa niaba ya ngazi zote. Mkazi wa Woking mwenye malalamiko ya taka kutozolewa anakwenda ofisi moja, na mwenye malalamiko ya shimo katika barabara ya mtaa ule ule anakwenda nyingine. Tena taka zenyewe zikishazolewa na wilaya, kuziteketeza au kuzifukia ni kazi ya kaunti, jambo ambalo hata Waingereza wenyewe huona tabu kumweleza mgeni.

Mfumo huo uliwekwa na sheria ya mwaka 1972 na ukaanza kazi tarehe 1 Aprili 1974. Kabla yake, mwaka 1969, tume iliyoongozwa na Redcliffe-Maud ilikuwa imependekeza kwamba sehemu kubwa ya England iwe na halmashauri moja moja zenye majukumu yote, lakini serikali iliyoingia madarakani mwaka 1970 ililiweka pendekezo hilo kando. Tangu wakati huo wazo lile limekuwa likirudi kidogo kidogo. Scotland na Wales zilihamia ngazi moja mwaka 1996, zikabaki na halmashauri 32 na 22. Cornwall, Wiltshire na Durham zilihama mwaka 2009, Buckinghamshire mwaka 2020, na Somerset na North Yorkshire mwaka 2023. Jambo jipya ni kwamba katika waraka wake wa Desemba 2024 serikali ilisema maeneo yote 21 yaliyosalia na ngazi mbili yahame, na ikataja wakazi 500,000 kuwa kiasi kinachofaa kwa kila halmashauri mpya, ingawa haikukifanya kuwa sharti lisilolegezwa.

Surrey, kaunti yenye watu wapatao milioni 1.2 ambamo mji wa mwanao umo, iliwekwa mbele ya foleni. Halmashauri ya kaunti ilitaka ziundwe halmashauri mbili, wakati wilaya nyingi kati ya 11 za kaunti hiyo zilitaka tatu, zikidai kwamba mbili zingekuwa kubwa kupita kiasi na mbali na watu. Oktoba 2025 serikali iliamua ziwe mbili, East Surrey na West Surrey, uchaguzi wa madiwani wake ukapangwa kufanyika Mei 2026 na kazi yenyewe kuanza Aprili 2027. Woking inaingia West Surrey.

Ni kweli kwamba kura ya maoni haimo. Sheria ya mwaka 2007 inampa waziri mamlaka ya kuzialika halmashauri zilete mapendekezo, kuwauliza wananchi na taasisi maoni yao, kisha kuamua, na uamuzi huo hupelekwa Bungeni upitishwe. Wananchi wanasikilizwa, lakini hawaamui. Tusiwashangae sana, kwa sababu utaratibu wetu, kama tutakavyoona mbele, haupishani nao kwa kiasi kikubwa.

Kuhusu mwanao, jibu ni zuri kuliko ulivyotarajia. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura huko, ikiwamo kura ya madiwani, na Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya hiyo. Ajiandikishe katika daftari la wapiga kura la mji anaoishi, na siku ya uchaguzi aende na kitambulisho chenye picha, sharti lililoanza kutumika mwaka 2023. Pasi ya kusafiria ya Tanzania inakubalika.

*Ndugu Mhariri, sababu inayotolewa kila mara ni kubana matumizi. Kama mhasibu ningependa kujua kama fedha zinaokolewa kweli, na madeni ya halmashauri iliyofutwa yanakwenda wapi. — Mhasibu, Shanty Town, Moshi*

Ndugu Mhasibu, madeni hayaendi popote. Yanarithiwa na halmashauri mpya kama zinavyorithiwa shule na magari, na Woking ni mfano unaofaa kufundishiwa darasani. Halmashauri hiyo ndogo ya wilaya ilikopa fedha nyingi kwa ajili ya hoteli, maghorofa na majengo ya biashara katikati ya mji, ikitegemea kwamba kodi za pango zingelipa mikopo, hadi ikafikia deni la karibu pauni bilioni 2. Juni 2023 ofisa wake mkuu wa fedha alilazimika kutoa tangazo la kisheria linalozuia matumizi mapya, yaani tamko kwamba mapato hayatoshi kubeba matumizi. Spelthorne, wilaya jirani ambayo nayo inaingia West Surrey, ina deni lililozidi pauni bilioni 1 lililotokana na kununua majengo ya ofisi. Unaweza kufikiri jinsi mkazi wa Waverley, ambaye halmashauri yake haikujenga hoteli yoyote, alivyopokea habari kwamba daftari lake la hesabu litafungwa pamoja na la Woking. Serikali iliahidi kulipa pauni milioni 500 za deni la Woking, fedha nyingi kwa hesabu ya mtu yeyote, lakini ukiigawa kwa deni lenyewe unabaki na robo tu.

Kuhusu kuokoa fedha, ipo akiba ambayo ni ya kweli. Halmashauri saba zikiwa moja, mkurugenzi ni mmoja, mweka hazina ni mmoja, mfumo wa kompyuta ni mmoja na mkataba wa kuzoa taka ni mmoja. Lakini gharama hutangulia akiba. Watumishi wanaopunguzwa hulipwa viinua mgongo, mifumo ya hesabu isiyoelewana huunganishwa, mishahara ya watu wanaofanya kazi ileile kwa viwango tofauti husawazishwa, na kwa kawaida husawazishwa kwenda juu. Kodi ya nyumba nayo, ambayo kila wilaya ilikuwa na kiwango chake, inabidi ifikishwe kwenye kiwango kimoja, na hapo mmoja hushuka na mwingine hupanda.

Somerset inatoa fundisho ambalo watetezi wa miungano hawapendi kulitaja. Halmashauri mpya ilianza Aprili 2023. Novemba ya mwaka huohuo ikatangaza dharura ya kifedha. Hakuna aliyeiba. Gharama za kuwatunza wazee na watoto zilikuwa zinapanda haraka kuliko mapato, na gharama hizo zilikuwapo kabla ya muungano, ndani ya halmashauri ya kaunti. Kupunguza wakurugenzi kulikuwa kama kuvua koti kwa mtu anayezama. Uzito uliomzamisha haukuwa kwenye koti. Northamptonshire ilikwenda kinyume kidogo: kaunti yenyewe ilifilisika kwa maana ya kisheria mwaka 2018, ndipo ikafutwa, na mwaka 2021 zikaanza halmashauri mbili mahali pake. Huko muundo mpya ulikuwa njia ya kuondokana na uongozi ulioshindwa. Ni sababu halali, lakini haipaswi kuitwa kubana matumizi.

*Mhariri, ninaishi Sakina. Nyumba yangu iko upande wa Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, duka langu liko upande wa Jiji, na kati ya viwili hivyo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Leseni ninalipia huku, kibali cha ujenzi ninaomba kule, na mtaro wa maji ya mvua unaishia mpakani kama vile maji nayo yanaujua mpaka. Kwa nini nasi tusiunganishwe? — Mfanyabiashara, Arusha*

Ndugu yetu wa Sakina, hali yako inajulikana kwa kila anayeishi pembezoni mwa jiji lile, kwa kuwa mji umekua ukavuka mistari iliyochorwa wakati Kiranyi na Ngaramtoni zilikuwa mashamba ya kahawa na migomba. Hata hivyo, kabla ya kujibu swali la kuunganisha, tuangalie kwanza ni kazi zipi zimebaki mezani mwa halmashauri zenyewe, maana ndipo tunapotofautiana sana na Waingereza.

Maji safi na majitaka unayapata kwa mamlaka ya maji, AUWSA, ambayo haipangi mabomba yake kwa kufuata mpaka wa Jiji. Barabara za mitaa na za vijijini zilitolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 zikapewa wakala wa serikali, TARURA, na barabara kuu ni za wakala mwingine, TANROADS. Kodi ya majengo, ambayo kwa mwenzako wa England ndiyo moyo wa bajeti ya halmashauri, kwetu inakatwa kupitia umeme tangu mwaka 2021 na kukusanywa na Serikali Kuu. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Walimu na wauguzi wanalipwa mishahara kutoka Hazina. Kilichobaki kwa halmashauri si kidogo, kwani shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, stendi, taka, leseni za biashara, mipango miji na vibali vya ujenzi bado viko kwake. Lakini ukiunganisha Jiji na Halmashauri ya Wilaya kesho asubuhi, barabara yako na bomba lako havitabadilisha bwana. Waingereza wanaunganisha vyombo vyenye majukumu mazito na kodi yao wenyewe. Sisi tungekuwa tunaunganisha vyombo ambavyo sehemu ya majukumu na kodi yake imeshapandishwa juu.

Tanzania imewahi kuondoa ngazi moja kati ya mbili, na si zamani. Tangu mwaka 2000 Dar es Salaam ilikuwa na Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye, mwaka 2016, zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Jiji lilikuwa na kazi za uratibu, kama dampo na kituo kikuu cha mabasi, lakini halikuwa na eneo lake lenyewe wala wakazi wasiokuwa wa manispaa fulani. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja halmashauri hiyo, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam, manispaa nyingine nne zikibaki kama zilivyo. Tazama tofauti: Surrey inafuta ngazi zote mbili na kuunda vyombo vikubwa kuliko wilaya, Dar es Salaam ilifuta ngazi ya juu na kuacha vile vya chini vikae bega kwa bega. Swali la nani ataratibu mambo yanayovuka manispaa tano liliondolewa pamoja na chombo chenyewe, na mambo hayo sasa yanatazamwa na ofisi ya mkoa au na wakala za Serikali Kuu.

Majirani zetu ng'ambo ya Holili walichukua njia nyingine. Mwaka 2013 Kenya ilizifuta serikali za mitaa 175 na mahali pake zikasimama kaunti 47, hata mji mdogo wa Taveta ukapoteza baraza lake. Lakini katiba yao ya mwaka 2010 iliziambatanisha kaunti hizo na majukumu mapya, hospitali zikiwamo, na fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mtu anaweza kuukosoa mfumo wa kaunti kwa mengi, ila hawezi kusema kwamba walikuza chombo wakasahau kukijaza.

Turudi Sakina. Faida ya kuunganishwa kwenu ingeonekana katika mipango miji, vibali, leseni na taka, na kwa mtu wa pembezoni mwa mji hiyo si faida ya kubezwa. Lakini Halmashauri ya Wilaya ya Arusha si Sakina na Ngaramtoni peke yake. Ni Oldonyosambu na Mwandet pia, kata za wafugaji ambako hoja ya kwanza katika kila kikao ni maji na malisho. Katika baraza moja kubwa ambalo madiwani wengi wanatoka mjini, nani atasimamia bajeti ya lambo la Mwandet dhidi ya mtaro wa mjini? Sijaona jibu la kuridhisha kwa swali hilo, wala Waingereza hawana. Wilaya za mashambani za North Yorkshire ziliuliza hivyohivyo. Kwa maoni yangu, tatizo lako linaweza kupunguzwa bila kugusa mpaka. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaziruhusu halmashauri kuwa na kamati za pamoja, na mpango mmoja wa matumizi ya ardhi kwa Jiji na kata zinazolizunguka ungefaa kuliko meya mwenye eneo kubwa zaidi.

*Mhariri, je, si kweli kwamba halmashauri kubwa inamweka diwani mbali na mwananchi? — Msomaji, Majengo, Moshi*

Ni kweli, ila tujue umbali tunaouzungumzia. Somerset ina madiwani 110 na North Yorkshire ina 90, maana yake diwani mmoja anawakilisha watu wapatao 5,200 katika ile ya kwanza na 6,800 katika ya pili, na huko watu wanalalamika kwamba wametupwa mbali. Manispaa ya Moshi ilihesabiwa kuwa na wakazi 221,733 katika sensa ya mwaka 2022 na ina kata 21, kwa hiyo diwani wa kata anabeba watu karibu 10,600. Jiji la Arusha lilikuwa na watu 617,631 katika kata 25, yaani takriban 24,700 kwa kila diwani. Ukiondoa suala la ukubwa wa eneo, Jiji la Arusha limeshapita kipimo cha 500,000 ambacho Waingereza wanakigombania, na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi nayo imeshavuka laki tano.

Kinachotuokoa ni kwamba chini ya diwani tuna mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na chini ya kijiji yuko mwenyekiti wa kitongoji, wote wamechaguliwa na wote wanajulikana nyumba kwa nyumba. England nayo ina mabaraza madogo ya vijiji, yanayoitwa ya parokia, na ya miji, yapatayo 10,000, ambayo mpango wa sasa hauyafuti, lakini hayapo kila mahali na mengi hayana kazi kubwa kuliko bustani, viti vya barabarani na makaburi.

*Ndugu Mhariri, salaam. Sisi wa Uru Kusini tunasikia kila mwaka kwamba Manispaa ya Moshi itapanuliwa ili iwe jiji, na kwamba vijiji vyetu vitaingizwa mjini. Wengine wanafurahi, wanasema bei ya ardhi itapanda. Baba yangu ana kihamba, yaani shamba la ukoo, alichorithi kwa babu, nami nina wasiwasi. Je, kihamba kikiingia mjini kinakuwa mali ya nani? Na sisi tunaulizwa au tunatangaziwa? — Kijana wa Uru*

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu mrefu kuliko kawaida.

Manispaa ya Moshi ina eneo la takribani kilomita za mraba 59 tu, dogo sana kwa mji wenye hadhi yake, na ndiyo sababu mazungumzo ya kupanua mipaka hayafi. Ukipanda kaskazini unaingia Uru mara moja, ukishuka kusini unakutana na mashamba ya mpunga ya Mabogini. Mji hauna mahali pa kukua isipokuwa ndani ya Halmashauri ya Wilaya. Hoja ya manispaa ina msingi wake, wala sisemi kwamba wanaoidai wana nia mbaya.

Lakini kuingizwa mjini si kubadilishiwa kibao cha ofisi. Kijiji kwa mujibu wa sheria zetu ni chombo kamili: kina halmashauri yake yenye wajumbe 15 hadi 25, kinaweza kushitaki na kushitakiwa, kinatunga sheria ndogo, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, ndio wenye kauli juu ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtaa hauna uzito huo. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa kama wa kijiji, anagonga mihuri na kusuluhisha majirani, lakini mtaa hauna ardhi yake wala hautungi sheria ndogo. Kijiji chenu kikigeuzwa kuwa mitaa, kauli juu ya mpango wa ardhi inahamia kwa halmashauri ya mji na kamati yake ya mipango miji, na baraza la ardhi la kijiji, ambalo pengine ndilo lililowahi kusuluhisha mpaka wa baba yako na jirani, linakoma pamoja na kijiji.

Kihamba chenyewe hakimtoki baba yako kwa sababu tu ramani imebadilika. Haki yake inaendelea, na kama serikali itakihitaji kwa barabara au soko, ibara ya 24 ya Katiba na sheria za ardhi zinadai alipwe fidia inayostahili. Kinachobadilika ni mazingira ya kihamba hicho. Eneo likipangwa na kupimwa kuwa viwanja, umiliki unakuwa kwa hati ya muda maalumu, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na kodi ya pango la ardhi inalipwa kila mwaka. Ujenzi unahitaji kibali, barabara za mpango zinakata kati ya migomba, na sheria ndogo za mjini juu ya ufugaji zinaweza kumkuta ng'ombe wa maziwa aliye zizini nyuma ya nyumba. Pia kihamba ni mali ya ukoo ambayo kwa desturi haiuzwi kirahisi kwa mtu wa nje, na makaburi yapo humohumo. Kiwanja chenye hati kinauzwa kwa sahihi mbili na wakili. Wanaosema bei itapanda wanasema kweli. Wajiulize tu nani nyumbani kwao atakuwa wa kwanza kutaka kuuza.

Tena Wachagga si wageni wa kuunganishwa na utawala wa juu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliziweka himaya za wamangi, yaani machifu wa Kichagga, katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, kila moja chini ya mangi wa ngazi ya juu aliyeitwa mwitori, kwa hoja ambazo leo ungedhani zimeandikwa Surrey: ofisi chache, kazi kufanyika haraka, gharama kupungua. Watu walilalamika kwamba waitori wako mbali nao na hawakuwachagua, malalamiko hayo yakakuza chama cha raia kilichoanzishwa mwaka 1949, na mwaka 1951 akachaguliwa Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu. Sitaji hayo kwa ajili ya kuwatamani wamangi. Nayataja kwa sababu waliochukia mpango ule hawakuchukia ukubwa peke yake, maana walichodai mwishoni kilikuwa kiongozi mmoja wa Kilimanjaro nzima, mkubwa kuliko mwitori yeyote, ila awe wamemchagua wao.

Sasa je, mnaulizwa? Utaratibu unaofuatwa ni kwamba pendekezo la kubadilisha mipaka linajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, linapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha Baraza la Madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya na kamati ya ushauri ya mkoa, na mwisho linafika kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kwa kuwa eneo lenu liko katika Halmashauri ya Wilaya na linatakiwa na Manispaa, mabaraza mawili ya madiwani yatahusika, na yana maslahi yanayopingana: moja linapata wakazi na mapato, jingine linayapoteza. Shule, zahanati, madeni na watumishi wa kata inayohama navyo hugawanywa kwa makubaliano, na makubaliano hayo hujadiliwa na watu wachache.

Hatua ya kwanza kati ya hizo ndiyo iliyo mikononi mwenu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ukiitishwa, nenda na baba yako, omba hoja ya mipaka iingizwe katika ajenda kwa maandishi kabla ya siku ya mkutano badala ya kuachwa kwenye mengineyo, na muulize mtendaji wa kijiji mambo matatu: kata zipi zinaombwa, kama kuna mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji uliokwisha kupitishwa, na hati za hakimiliki za kimila zilizotolewa zitashughulikiwa namna gani. Kisha, mkutano unaofuata, msikubali kuanza jambo lolote kabla muhtasari wa ule uliopita haujasomwa na kuthibitishwa mbele yenu, kwa sababu muhtasari huo ndio utakaofungwa pamoja na pendekezo na kupelekwa wilayani, na orodha ya mahudhurio iliyoambatishwa nyuma yake ndiyo itakayosomwa kuwa mlikubali.